Vitabu Viwili vya Kizazi cha Beat

Mwezi wa Machi, mwaka 1957, maofisa wa forodha wa San Francisco walizuia nakala 520 za kijitabu cha mashairi kilichokuwa kimepigwa chapa Uingereza. Jina lake lilikuwa Howl, yaani mlio wa mbwa mwitu, au wa mtu aliyezidiwa na uchungu, na mtungaji wake, Allen Ginsberg, alikuwa na umri wa miaka 30. Nakala hizo ziliachiliwa baadaye, lakini polisi wa mji hawakuridhika. Mwezi wa Juni walimkamata Shigeyoshi Murao, muuzaji katika duka la vitabu la City Lights, na Lawrence Ferlinghetti, mwenye duka na mchapishaji wa kitabu, akashtakiwa pamoja naye kwa kosa la kuuza maandiko machafu.

Ili kufahamu kwa nini kijitabu chembamba namna hiyo kiliwatia wakubwa wasiwasi, yafaa kuitazama nchi yenyewe. Marekani ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa na utajiri usiopata kuonekana na hofu isiyopata kusemwa. Askari waliorudi walipewa, kwa sheria ya mwaka 1944, karo za vyuo na mikopo ya nyumba. Kampuni ya Levitt ilianza mwaka 1947 kujenga katika kisiwa cha Long Island nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana kama mayai, na mikataba yake ya mwanzo ilikataza watu weusi kukaa ndani yake. Juu ya mapaa hayo lilining'inia bomu la atomi, na kamati za Bunge ziliwahoji waandishi na walimu juu ya itikadi zao. Kijana alitakiwa aoe, aajiriwe, anunue gari na anyamaze. Wachache waliokataa walijiita Beat, neno lenye maana ya uchovu wa mtu aliyepigwa na ulimwengu. Naye Jack Kerouac, Mkatoliki kwa malezi, alishikilia kuwa ndani yake mlikuwa pia na heri ya watakatifu.

Shairi la Ginsberg lilisikika kabla ya kusomwa. Usiku wa tarehe 7 Oktoba 1955, katika ukumbi mdogo wa picha wa Six Gallery, mtungaji alisimama akalisoma kwa sauti, na Kerouac, ambaye alikuwa amekwisha kuchanga fedha za mvinyo, alimshangilia kama wapenzi wa jazi wamshangiliavyo mpiga tarumbeta. Mishororo yake hupimwa kwa pumzi. Kila mmoja huenda mpaka kifua kiishiwe. Mwendo huo Ginsberg aliurithi kwa Walt Whitman na kwa sala za Kiyahudi. Wahakiki wa Marekani waliuona mwujiza, shairi kurudi kinywani. Msomaji aliyelelewa katika tenzi, ambazo tangu kale hughaniwa, atatabasamu kidogo, kwani hicho kilichovumbuliwa San Francisco pwani hakikupata kupotea.

Nguvu ya Howl, hata hivyo, haiko katika kelele zake, na wale walioiga kelele peke yake walitunga mashairi ya kuchosha. Nguvu yake iko katika huruma. Shairi limetungwa kwa ajili ya Carl Solomon, ambaye Ginsberg alikutana naye mwaka 1949 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Na nyuma ya Solomon amesimama Naomi, mamaye mtunzi, aliyefia hospitalini mwaka 1956 baada ya kuugua akili kwa miaka mingi. Mtu ambaye jamii imemfungia mlango kwa jina la afya, shairi humwita kwa jina lake. Maneno machafu yaliyomo, na yamo, ni maneno ya watu hao, na kuyaondoa kungekuwa kuwafukuza mara ya pili. Hivyo ndivyo walivyoshuhudia wataalamu tisa walioitwa na upande wa utetezi. Hakimu Clayton Horn, ambaye alikuwa pia mwalimu wa shule ya Jumapili, aliamua tarehe 3 Oktoba 1957 kwamba kitabu chenye thamani kwa jamii hakiwezi kuitwa kichafu kwa sababu ya maneno yake. Hukumu hiyo haikusimama peke yake: mwaka 1959 riwaya ya D. H. Lawrence juu ya Lady Chatterley ilifunguliwa njia na mahakama za Marekani, na mwaka 1966 Naked Lunch ya William Burroughs ikafunguliwa Massachusetts.

Mwezi mmoja kabla ya hukumu ya Horn ilitoka riwaya ya Kerouac, On the Road. Aliiandika Aprili 1951 kwa majuma matatu, juu ya karatasi zilizounganishwa zikawa ukanda wa futi 120 hivi, kisha akaitengeneza kwa miaka. Vijana waliipokea kama ruhusa. Sal Paradise na rafiki yake Dean Moriarty huivuka nchi mara kwa mara, hawana saa wala tajiri wa kuwangoja, na sentensi za kitabu hukimbia pamoja na gari lao. Hapana ubishi kwamba sentensi hizo ni nzuri. Lakini mhakiki hana budi kuuliza ni nani alipaye petroli.

Waswahili husema mtembezi hula miguu yake. Sal hali miguu yake. Hula chakula cha shangazi yake. Kila safari ikimshinda hurudi Paterson, New Jersey, ambako bibi huyo ana nyumba, ana jiko, na ana fedha za kumpelekea awapo njiani. Fedha nyingine hutoka katika sheria ile ile ya askari iliyowajengea wengine nyumba za kufanana. Huko California anaishi na Terry, mwanamke wa Kimeksiko mwenye mtoto, akachuma pamba pamoja naye katika hema. Baridi inapokaribia anaondoka kwenda kwao. Terry anarudi kwa jamaa zake, na kitabu hakimfuati. Katika Denver, Sal anatembea jioni katika mtaa wa watu weusi akitamani angekuwa mmoja wao, kwa furaha anayodhani wanayo. James Baldwin, katika makala ya mwaka 1961, aliikejeli aya hiyo kwa kusema kuwa asingependa kuwa mahali pa Kerouac kama angethubutu kuisoma mbele ya watu wa Harlem katika jukwaa la Apollo. Kejeli hiyo haijapata jibu. Anayeweza kuutamani umaskini wa mwenzake ni yule tu ambaye tikiti ya kurudi imo mfukoni mwake.

Haki idai pia kwamba riwaya yenyewe ilimwona mshtakiwa wake. Kuna mahali San Francisco ambapo Galatea Dunkel, mke aliyewahi kutelekezwa safarini, anamkabili Dean mbele ya marafiki na kumhesabia makosa yake: mke aliyeachwa, mtoto aliyesahauliwa. Dean hajibu. Sal anamtetea kwa utakatifu wa ajabu anaouona kwake, na msomaji makini huona kuwa utetezi ni dhaifu kuliko shitaka. Baadaye, Sal akiugua tumbo la kuhara damu mjini Mexico, Dean anamwacha yeye naye. Vijana walioubeba msafarani msahafu huu, yaelekea, walizisoma kurasa hizo kwa haraka.

Wafanyabiashara hawakukawia. Tarehe 2 Aprili 1958 mwandishi wa gazeti Herb Caen aliunga kwa dhihaka neno beatnik, akikopa mkia wa jina la Sputnik, na mwaka 1959 televisheni ikawa na beatnik wake wa kuchekesha, mvivu mwenye kidevu cha ndevu. Wimbi lililofuata, la mahipi, lilijaa mtaa wa Haight-Ashbury mwaka 1967 hata wenyeji wake wakafanya, tarehe 6 Oktoba, mazishi ya mzaha ya hipi, aliyeuawa na magazeti. Kerouac aliwakana watoto hao hadharani. Alikufa Florida mwaka 1969 kwa ulevi, umri wake miaka 47, akiishi na mamaye na mkewe. Na mwaka 1993 kampuni ya nguo ya Gap ilitumia picha yake kuuza suruali.

Ginsberg aliishi hadi 1997, na yeye naye aligeuzwa tangazo la suruali za Gap. Lakini hukumu ya Horn ilikuwa ya kitabu, wala haikuyalinda mawimbi ya hewa. Oktoba 2007, ilipotimia miaka 50 tangu siku ile, kituo cha redio cha WBAI cha New York kilitaka kulitangaza shairi kikasita kwa hofu ya faini za serikali, kikaona salama kuliweka katika intaneti, ambako sheria hiyo haikufika.