Mbishi ni Nani?

Wiki jana nilipanda mathree kutoka Thika kurudi Ruiru. Mvua ilikuwa imeanza, na nauli ikapanda nayo. Abiria mmoja akakataa: alipoingia mvua haikuwa imenyesha, na makanga alikuwa ametaja bei nyingine. Walizozana hadi Juja kwa sababu ya ashu. Mzee aliyeketi nyuma akachoka. "Wacheni ngarari!"

Hiyo ni Gĩkũyũ, lakini huku kwetu hata asiyeijua lugha analielewa neno. Limetoka kwa kitenzi gũkarara, yaani kukataa anachosema mwenzako. Ngarari ni kukataana.

Kiswahili kina ubishi, kutoka kubisha. Kubisha pia ni kukataa la mwenzako. Lakini ukifika kwa watu unabisha hodi, unagonga mlango ufunguliwe. Na baharia wa Pwani akikutana na upepo wa mbele, ule wa mbisho, anabisha: anapeleka chombo mshazari, huku kisha kule, mpaka afike. Neno moja, kazi tatu, na katika mbili kati ya hizo kuna mtu anayetaka kufika mahali.

Ndiyo maana nina shida na vile tunavyoyatumia maneno haya. Washa redio saa ya habari. Wanasiasa wametukanana mkutanoni, na mtangazaji anasema kumekuwa na "malumbano." Kulumba ni kusema kwa ufundi. Mlumbi ni yule anayejua kuzungumza mbele ya watu, na shuleni tulifunzwa ulumbi kwenye fasihi simulizi, pamoja na malumbano ya utani, ambapo pande mbili zinachambana kwa mzaha na hakuna anayeenda nyumbani na kidonda. Sasa matusi yamepewa jina la ufundi.

Upande wa pili, mtu akiuliza swali la maana anaitwa mbishi. Nilipokuwa chuo, alama zangu za mtihani mmoja zilipotea. Nilienda ofisini mara tatu. Ya tatu nikaambiwa, "Kijana, usituletee ubishi." Anayepiga kelele ameheshimiwa, anayebisha hodi ametukanwa. Majina yamebadilishana nyumba.

Kipimo changu ni rahisi: akifunguliwa, atanyamaza? Yule abiria alinyamaza. Tulipofika Juja makanga alimrudishia ashu yake, naye akaegemea dirisha akalala. Hiyo haikuwa ngarari, pole mzee. Mwanasiasa ukimfungulia mlango, atahamia mlango mwingine.

Lakini kipimo hicho kinanikata hata mimi. Mama, aliye Thika, ananiita mbishi tangu nilipoacha chuo. Tumebishana kuhusu saa ninazolala, nywele zangu, na hii kazi ya kuandika ambayo anasema si kazi. Kila mara nashinda, na kila mara narudi Ruiru nikiwa na hasira. Kuhusu zile alama sijawahi kumwambia hata neno. Anadhani nilichoka tu na masomo.

Kwa hivyo miaka hii yote tumekuwa na ngarari tu, na nilizianzisha mimi. Jumapili nitaenda Thika. Safari hii nataka kubisha.