Mshororo Mmoja wa ssh

while read -r seva; do
  ssh -n -o BatchMode=yes "$seva" 'df -h /'
done < orodha.txt

Mishororo mitatu tu. Wa kwanza na wa mwisho ni fremu: husoma majina ya seva kutoka kwenye faili, moja baada ya jingine. Kazi yenyewe iko katikati, ambako kompyuta moja huingia katika nyingine na kuiuliza diski yake imebakiza nafasi kiasi gani. Huo wa katikati ndio ninaousoma hapa, maana skripti nyingi za aina hii huharibika kwa fani yake, hata pale mwandishi anapoijua kazi vizuri.

Tatu Ylönen aliiandika ssh mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho. Alimwandikia mtu aliyeketi mbele ya kibodi, na kwa hiyo programu yenyewe ni ya majibizano. Ikifika kwenye seva isiyoijua husimama, huonyesha alama ya ufunguo wa seva hiyo, kisha huuliza: niendelee? Skripti inapojiendesha saa nane usiku, aliyepaswa kujibu amelala.

BatchMode=yes huyafuta majibizano hayo. Programu ni kama mjumbe aliyeagizwa: ukikuta mwenyeji usiyemjua, usiingie, rudi useme umeshindwa. Wengi badala yake huandika StrictHostKeyChecking=no. Kwa nje miundo hii miwili inafanana, kwa kuwa yote huondoa swali. Ila wa kwanza hujibu hapana, na wa pili humkubali mgeni yeyote, hata aliyejipenyeza njiani akajifanya seva yako. Huu wa pili naukataa kabisa. Tangu 2017 OpenSSH ina accept-new, inayopokea seva mpya lakini huikataa iliyobadili ufunguo. Hiyo ni afadhali. Bora zaidi ni kuzithibitisha funguo mapema na kuziandika katika faili la known_hosts.

Sasa kistari na herufi moja: -n. Nimewahi kuiacha. Orodha ilikuwa na seva kumi na mbili. Skripti ikatembelea moja, ikamaliza kimya, bila kosa lolote. Nilitafuta hitilafu kwenye mtandao, nikaikagua orodha mara tatu. Kumbe ssh, isipozuiwa, husoma kila kinachoingia kupitia mlango uleule ambao read inautumia. Majina kumi na moja yaliyobaki yalimezwa na ziara ya kwanza, yakapelekwa seva ya kwanza kama maneno yaliyochapwa na mtu. -n huufunga mlango huo. Katika mshororo mzima sijaona silabi nyingine inayobeba uzito kiasi hiki.

Halafu kuna ukwapi na utao. Mshororo huu una vipande viwili, na kila kimoja kina msomaji wake. "$seva" husomwa hapa nyumbani, hivyo imewekwa ndani ya alama maradufu za mtajo, ili jina la seva lijazwe kabla ya safari. 'df -h /' imefungwa kwa alama moja moja, ipite bila kuguswa, ikasomwe kule. Katika amri hii hasa tofauti haionekani. Weka echo $HOSTNAME mahali pake na uizungushie alama maradufu: kila seva itakujibu kwa jina la kompyuta yako wewe.

Upungufu wa mshororo huu uko mwishoni: hausikilizi jibu. ssh hurudi na nambari. Sifuri ni salama. 255 kwa kawaida huonyesha kwamba muunganisho wenyewe umeshindikana. Nyinginezo ni za amri iliyoendeshwa kule. Hapa nambari hizo zinapotea, na skripti nzima hubeba ile ya seva ya mwisho tu. Saba zikishindwa katikati na ya mwisho ikafaulu, ripoti itasema yote ni sawa. Tena haukuweka ConnectTimeout, kwa hiyo seva moja isiyojibu yaweza kuzichelewesha zote zinazofuata.

Ukiunakili, andika -o ConnectTimeout=10 kabla ya jina la seva, na mwishoni ongeza || echo "$seva" >> zilizoshindwa.txt. Asubuhi lifungue faili hilo kabla ya kitu kingine chochote.