Pale Uzi Unapokatikia

Fundi hakuuliza gitaa lina ugonjwa gani. Aliuliza nyuzi hukatikia wapi.

"Huku chini, mwanangu," mzee akajibu. "Hapa ninapoweka kiganja. Uzi wa kwanza, kila mara, na kila mara tuko katikati ya sebene."

"Kwenye vigingi juu haujawahi?"

"Haujawahi."

Kwa mtu wa kazi hii, hilo tayari ni nusu ya jibu. Uzi unaokatikia kwenye vigingi huenda umechoka wenyewe au umefungwa vibaya. Unaokatika mahali palepale mwezi hadi mwezi, hata ukibadilishwa na mpya, una kitu kinachoukata. Fundi akalilaza gitaa juu ya taulo, akavuta taa, akaweka kioo cha kukuza jichoni.

Karakana yake ni chumba cha nyuma huko Tottenham, kaskazini mwa London, mtaa wenye Wakongomani wengi na makanisa yao yenye bendi. Watalii wanaotafuta magitaa hupelekwa Denmark Street, karibu na kituo cha Tottenham Court Road, na ni haki yao, maana barabara ile fupi ina historia. Kwenye studio ya Regent Sound pale ndipo Rolling Stones walirekodi albamu yao ya kwanza mwaka 1964. Lakini magitaa yanayofanya kazi kila Jumapili ibadani na kila Jumamosi harusini hutibiwa katika vyumba kama hiki. London ina deni kwa wapigaji wetu. Mose Fan Fan, aliyepiga katika OK Jazz ya Franco na baadaye Dar es Salaam na Orchestra Makassy, alihamia hapa miaka ya 1980 na bendi yake ya Somo Somo, akaishi jijini humu miaka mingi kabla ya kufariki Nairobi mwaka 2019. Sauti ile kavu na angavu ya gitaa la solo ilihitaji watu wa kuitunza, na fundi huyu, mtoto wa Tanga, ni mmoja wao.

Gitaa la mzee ni Stratocaster. Leo Fender alipoitoa mwaka 1954, kila uzi ulipewa kiti chake. Kwenye Telecaster iliyotangulia, nyuzi sita zilikalia vipande vitatu vya chuma, viwili viwili, na ukisogeza uzi mmoja umemsogeza na jirani yake. Kwenye Stratocaster vipande ni sita. Mafundi huviita sadeli. Kila sadeli ni bamba dogo la chuma lililokunjwa, limesimama juu ya skrubu mbili ndogo sana zinazoipandisha na kuishusha, na nyuma yake inavutwa na skrubu moja ndefu iliyopita katikati ya springi. Hiyo ndefu ndiyo inayorefusha au kufupisha uzi. Sadeli zote sita zimepangwa kwenye bamba moja liitwalo briji.

Nilipewa nafasi ya kutazama kwa kioo. Mgongoni mwa sadeli ya kwanza, pale uzi unapopinda kushuka ndani ya mwili wa gitaa, palikuwa na mfereji. Kwa macho matupu ni mstari tu. Kwa kioo ni bonde, na ukingo wake mmoja umeinuka kuwa ulimi mwembamba wa chuma. Uzi wa kwanza ni mwembamba kama robo ya milimita, na kila mzee anapoupiga unajisugua kwenye ulimi huo. Sadeli ya tatu ilikuwa na mfereji mpana zaidi, ndiyo maana uzi wake ulikuwa unavuma kwa mlio wa nzi. Skrubu za kimo zilikuwa zimeshika kutu ya kahawia, kwa sababu kiganja cha mpigaji hukaa papo hapo na jasho lina chumvi.

Kabla hajagusa chochote, fundi alipima. Naona hapa ndipo wengi wanapotofautiana na yeye. Aliweka rula nyembamba ya chuma kwenye freti ya 17, mojawapo ya vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, akasoma umbali kati ya kichwa cha freti na tumbo la kila uzi, akaandika namba sita daftarini. Akapima nafasi kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale kwenye briji: takriban milimita 56. Namba hii ndiyo iliyoamua anunue sadeli zipi. Briji za mtindo wa zamani zina upana huo. Nyingi za kisasa zina kama 52.5. Mtu akiagiza bila kupima, sadeli zitabanana zisisogee, au zitaacha mianya na kuyumba kando uzi unapovutwa.

Kisha akadondoshea kila skrubu yenye kutu tone moja la mafuta ya kulainisha, kwa ncha ya sindano, akaliacha gitaa hadi kesho yake. Skrubu hizi hufunguliwa kwa kifunguo cha pembe sita kisichozidi unene wa njiti. Ukilazimisha, kifunguo kinakula pembe, skrubu inakuwa tundu la duara, na kazi ya dakika moja inageuka kuwa kazi ya kutoboa chuma. Mafuta hufanya kazi yenyewe ukiyapa usiku.

Siku ya pili alianza kwa kugeuza gitaa kifudifudi. Briji ya Stratocaster inaelea: mbele inavutwa na nyuzi, nyuma inavutwa na springi zilizofichwa tumboni mwa gitaa, na husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ukitoa nyuzi zote, springi hushinda na briji hulala. Fundi alikuwa amekata kipande cha mbao, akakipiga msasa mara kadhaa hadi kikaingia nyuma ya briji bila kusukuma wala kulegea. Ndipo akalegeza nyuzi, zote kwa zamu, kidogo kidogo, ili shingo isiachiwe mzigo wake ghafla.

Sadeli kuukuu zilitoka moja moja, na kila moja ikaingia kwenye tundu lake ndani ya trei ya mayai ya karatasi yenye namba kutoka 1 hadi 6. Bamba la briji likasuguliwa kwa mswaki mkavu, kisha kwa kitambaa. Zile mpya, za chuma cha pua, hakuziamini kwa sababu tu ni mpya. Alipitisha kipande cha uzi juu ya kila mgongo, huku na huku, kichwa kimeinama, akisikiliza. Ya nne ilitoa mkwaruzo. Akaichukulia msasa laini kabisa aliouviringisha kwenye njiti, akaupitisha kwa kufuata njia ya uzi tu, akapima tena, akaridhika.

Kuzifunga kulikwenda upesi. Kuzipanga hakukwenda upesi hata kidogo.

Kutoka kwenye kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi freti ya 12 ni milimita 324. Kutoka hapo hadi kwenye sadeli inapaswa iwe 324 nyingine, na ziada kidogo, na kazi yote imo ndani ya ziada hiyo. Unapokandamiza uzi kwenye freti unaunyoosha, na ukinyooshwa sauti inapanda. Kwa hiyo uzi hupewa urefu wa nyongeza wa kufidia, na kila uzi una haja yake. Fundi alizipanga sadeli kwa jicho kwanza: ya kwanza mbele zaidi, ya pili nyuma yake kidogo, ya tatu nyuma zaidi. Kisha ya nne ikaruka kurudi mbele, ya tano na ya sita zikashuka tena. Ngazi mbili, moja baada ya nyingine. Mruko ule unatokana na umbile la nyuzi. Uzi wa tatu ni waya mtupu, mnene, mgumu kupinda. Wa nne umezungushiwa waya juu ya kiini chembamba, na ukakamavu wa uzi umo kwenye kiini. Nilipoziona zimekaa hivyo niliona uzuri wake, na ni uzuri ambao hakuna aliyeukusudia.

Akavisha nyuzi, akazituni, akazivuta kwa kidole mmoja mmoja, akazituni tena. Akatoa kile kipande cha mbao, briji ikaelea. Kimo akakiweka milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba na 2 upande wa mnene, na katikati akazifuatisha na mgongo wa shingo, ambao kwa magitaa ya zamani ya aina hii ni mviringo wa nusukipenyo cha milimita 184.

Halafu ikaja freti ya 12. Anaugusa uzi juu yake kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, unatoa mlio mwembamba wa juu. Mashine ya kutunia inaonyesha sindano katikati. Anaukandamiza pale pale, anapiga. Sauti hizo mbili zinatakiwa ziwe moja. Ikiwa ya kukandamiza imepanda, uzi ni mfupi: sadeli irudi nyuma. Ikiwa imeshuka, sadeli isogee mbele. Nusu toni ina senti 100, na fundi alikuwa akifukuzia mbili. Kabla ya kila mzunguko wa bisibisi alilegeza uzi ili sadeli isiburuzwe chini ya mzigo, akageuza, akautuni, akapima. Kwa kuwa briji inaelea, kugusa uzi mmoja kunazitikisa nyingine tano, kwa hiyo akimaliza wa sita anarudi wa kwanza. Uso wake haukubadilika tangu mzunguko wa mwanzo hadi wa mwisho.

Mpigaji anayebaki kwenye freti za mwanzo angeweza kuishi na senti kumi za makosa bila kujua. Mpiga sebene, ile sehemu ya kuchezea inayobebwa na magitaa, hawezi. Yeye hukaa juu ya freti ya 12 kwa dakika nzima nzima, akirudia kifungu kilekile, huku mwenzake wa mi-solo, gitaa la kati, akimjibu kando. Magitaa mawili yanapopishana kidogo kule juu, sikio la mchezaji linachoka na miguu inajua.

Ndiyo maana mzee aliitwa arudi kabla kazi haijafungwa.

"Shikamoo, mzee. Kaa upige kama unavyopiga ukumbini. Usinionee huruma."

"Marahaba." Akapiga. Fundi hakutazama mashine kwa muda. Alitazama kidole cha kati cha mkono wa kushoto, jinsi kinavyokandamiza kwa nguvu, na mkono wa kulia unavyoshuka na piki. Akachukua gitaa, akapima tena freti ya 12, safari hii akikandamiza kwa uzito wa mzee badala ya wake. Sadeli ya pili na ya tatu zikarudi nyuma unywele. Uzi wa sita akaupandisha robo mzunguko, maana mzee huupiga kwa nguvu na ulikuwa ukigonga freti.

Mzee akapiga tena, juu kabisa, akasimama katikati ya kifungu na kucheka. Fundi akaandika namba mpya chini ya zile za zamani, akafunga sadeli kuukuu kwenye bahasha.

"Hii ya sita bado nzima, itunze," akasema. "Ukimaliza kupiga futa jasho hapa kwa kitambaa kikavu. Nyuzi zikikaa wiki mbili tatu nirudishie nizipime tena, hiyo sitakutoza."

"Na ule wa kwanza ukikatika?"

"Niletee vipande vyote viwili."