Shule ya Saketi Ndogo

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, rezista na kapasita ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa. Chukua rezista ya kilo-omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na njano, na kapasita ya maikrofaradi 100. Viunganishe mfululizo, uvipe volti 5 za chaja ya simu, na tayari unayo saketi ambayo kila mwanafunzi wa umeme hukutana nayo mapema. Kuiiga saketi hiyo kwenye kompyuta ni ufundi ninaoustahi sana, kwa kuwa sijaona shule bora zaidi ya kumfunza mtu ni lini aiamini kompyuta na ni lini aibishie.

Kapasita haijai papo hapo. Ikiwa tupu, mkondo huingia kwa nguvu. Kadiri volti zake zinavyopanda, pengo kati yake na chaja hupungua na mkondo hudhoofika. Ukizidisha ukinzani wa rezista kwa uwezo wa kapasita unapata muda, ambao kwa vipande vyetu ni sekunde 10. Muda huo ukipita, kapasita huwa imefikia asilimia 63.2 ya volti za chaja, yaani volti 3.16. Baada ya sekunde 30 huwa asilimia 95, na baada ya sekunde 50 imevuka 99.

Hesabu za namna hii zina ukoo na pwani yetu. Mwaka 1855 William Thomson alieleza kwa nini ishara za telegrafu hufika zimechelewa na kufifia zinapopita chini ya bahari: waya wa shaba una ukinzani, na waya huo pamoja na maji yanayouzunguka, vikitengwa na gamba la kuhami, ni kapasita ndefu. Alionyesha kwamba urefu ukiongezeka maradufu, ucheleweshaji huwa mara nne. Kebo iliyofika Zanzibar mwaka 1879, na ile iliyoiunga Mombasa mwaka 1890, zilitii kanuni hiyo hiyo.

Kwa kalamu tunapata jibu kamili. Kompyuta huenda kwa njia nyingine. Huuliza mkondo wa sasa ni kiasi gani, huchukulia kwamba hautabadilika kwa kitambo kifupi, hupiga hatua, kisha huuliza tena. Mbinu hii aliieleza Leonhard Euler katika kitabu cha mwaka 1768, na uzuri wake wote umo katika kuchagua hatua. Tumia hatua ya sekunde 1, na baada ya sekunde 10 kompyuta itasema volti 3.26. Ipunguze iwe sehemu ya kumi ya sekunde, itasema 3.17. Sasa ipanue iwe sekunde 10: kapasita inajaa yote kwa mruko mmoja. Ifanye sekunde 20, na volti zitaruka hadi 10, zirudi sifuri, zipande tena 10, bila kukoma. Chaja ya volti 5 haiwezi kamwe kuifikisha kapasita hii volti 10. Hata hivyo kompyuta haikukosea kujumlisha wala kutoa. Ilitii, na aliyekosea ni aliyeipangia hatua.

Tunaligundua kosa hilo kwa sababu jibu la kweli tunalijua. Hapo ndipo penye thamani ya saketi ndogo. SPICE, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973 kwa kazi ya Laurence Nagel chini ya Donald Pederson, ina mbinu imara zaidi, na hujipimia hatua yenyewe: fupi pale volti zinapobadilika kwa kasi, ndefu pale zinapotulia. Leo mzao wake, ngspice, hupatikana bure, na hata laptopu kuukuu ya mwanafunzi wa Kangemi au Uthiru huimudu. Lakini mwenye kuanzia hapo, bila kuipitia njia ya Euler kwa mkono, hupokea grafu safi asijue imetoka wapi.

Kisha ichukue mita. Mstari wa dhahabu kwenye rezista unaruhusu tofauti ya asilimia 5, na kapasita ya aina hii mara nyingi asilimia 20. Basi zile sekunde 10 zaweza kuwa 7.6 au 12.6, na saketi bado ni nzima. Kapasita iliyozeeka huvujisha umeme, isifike volti 5 hata ukiisubiri. Kompyuta haikulijua hilo kwa kuwa hukuiambia. Kila tofauti kati ya mita na grafu ni swali linalostahili kujibiwa.

Ningependa warsha zetu, kuanzia vyuo vya katikati ya jiji hadi Kabete, zifuate utaratibu huu: andika kadirio lako, iga, pima, eleza tofauti. Siku moja mwanafunzi atakabidhiwa saketi ya mamia ya vipande, ya kifaa cha hospitali au ya umeme wa jua, ambayo hakuna anayeweza kuitatua kwa kalamu. Huko hatakuwa na ile 3.16 ya kumsahihisha. Atakachokuwa nacho ni mazoea aliyoyapata hapa: kuigawa hatua nusu na kutazama kama jibu linabaki lile lile, na kutoidhinisha grafu yoyote kabla ya kuipima.