Mlango Uliojengwa Mwisho: Nani Hupanga Ugumu?

Ndugu msomaji, usishangae kukuta gemu la kompyuta katika kurasa za uhakiki. Najua wapo watakaosema, "Sasa huyu naye ameishiwa vitabu." Sijaishiwa. Ninachotaka kukihakiki ni kitu ambacho sisi wanafasihi tunakiona kila siku lakini hatukitendei haki, nacho ni mpangilio. Mtu akikusanya mashairi ya watunzi kumi akayatia katika kitabu kimoja, tunalichambua shairi moja moja, fani na maudhui, lakini mara chache tunauliza kwa nini la kwanza limewekwa la kwanza. Katika makala haya nitatumia mikusanyo ya mafumbo iliyotungwa na wapenzi wa gemu la Chip's Challenge kuonyesha kwamba kupanga nako ni kutunga, na kwamba anayepanga vibaya huwafukuza watu bila yeye mwenyewe kujua.

Kwanza, historia kidogo. Chip's Challenge lilibuniwa na Chuck Sommerville, likatolewa na kampuni ya Epyx mwaka 1989 kwa ajili ya Atari Lynx, kimashine cha kuchezea cha mkononi. Mwaka 1992 liliingia katika kompyuta za Windows ndani ya mkusanyo wa michezo wa Microsoft. Kisa chake ni chepesi: kijana Chip anataka kukubaliwa katika klabu ya msichana Melinda, na ili akubaliwe ni lazima apite mzingile baada ya mzingile. Toleo la Windows lina levo 149. (Wenye Kiswahili sanifu watasema "hatua", mimi nitafuata wachezaji.) Kila levo ni uwanja wa miraba 32 kwa 32, lakini kioo kinakuonyesha miraba tisa kwa tisa tu, kwa hiyo muda wote unatembea nusu kipofu. Unaokota vipande vya kompyuta, unafungua milango kwa funguo za rangi, unavuka maji, moto na barafu, unakwepa wadudu. Levo nane za mwanzo zinaitwa waziwazi masomo, la kwanza hadi la nane.

Gemu likaisha, wapenzi hawakuisha. Wakaanza kutunga levo zao, na kutokana na tungo hizo ikatokea mikusanyo rasmi ya wapenzi, Chip's Challenge Level Pack, kwa kifupi CCLP. CCLP2 ilitoka mwaka 2002, CCLP3 mwaka 2010, CCLP1 mwaka 2014 na CCLP4 mwaka 2017. Kila mmoja una levo 149, kama gemu mama.

Msomaji makini ameshaona kioja: namba moja ilizaliwa ya tatu! Sababu yake ni kwamba waliokusanya mwaka 2002 walilihesabu gemu mama kuwa ndilo la kwanza, wao wakaendelea na la pili. Kwao hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwani wote walikuwa wameshapita masomo yale manane. Lakini gemu mama lilikuwa mali ya wenyewe na halikuruhusiwa kusambazwa bure. Basi mgeni aliyekuja mikono mitupu alipewa kitabu cha pili na cha tatu bila cha kwanza, na hicho cha tatu kinasifika kwa ugumu. Ilichukua miaka kumi na miwili tangu CCLP2 hadi kupatikana mkusanyo uliotungwa makusudi kumpokea mgeni. Kwa maneno mengine, nyumba ilikuwa na vyumba viwili, mlango ukajengwa mwisho.

Je, hili ni kosa la watu wabaya? Hapana. Ni kosa la watu wanaojua sana. Mimi mwenyewe nimelifanya, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Likizo iliyopita nilitaka mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha pili, acheze nami. Nikachagua levo kumi na mbili kutoka mikusanyo mbalimbali, nikaziandika katika karatasi kuanzia rahisi hadi ngumu. Nilijiona mwalimu kwelikweli. Levo ya tatu ikamshinda kabisa. Ya tisa, ambayo mimi niliihesabu kuwa jabali, aliipita mara ya pili tu, huku anakula mihogo. Sikuelewa mpaka nilipokaa kando yake nikamtazama. Levo ya tatu ilitaka usukume bonge la udongo hadi majini. Likiingia linakuwa tope, ukilikanyaga tope linakuwa njia. Jambo hili mimi nalijua kama jina langu, hata nilikuwa nimesahau kwamba kuna siku sikulijua. Yeye hakuna aliyemwambia. Ya tisa ilikuwa njia ndefu yenye makona mengi, inataka uvumilivu basi, na uvumilivu anao kunishinda mimi. Kabla sijamweleza lolote alisimama akasema, "Kaka, hili gemu si la watu kama mimi." Sentensi hiyo iliniuma, maana gemu lilikuwa lake kabisa. Karatasi yangu ndiyo iliyomfukuza.

Kutokana na kisa hiki napata hoja yangu ya msingi. Ugumu haukai ndani ya levo peke yake. Unakaa katika nafasi iliyopo kati ya levo na zile zilizoitangulia. Levo ya bonge la udongo ikitanguliwa na kajilevo kadogo kanakofundisha bonge na maji, inakuwa burudani. Ikitanguliwa na kimya, inakuwa ukuta. Haijabadilika mraba hata mmoja, ila imekuwa levo nyingine. Ikiwa ndivyo, basi mpangaji si karani wa kubandika namba. Ni mtunzi wa pili.

Hapa wapo watakaosema kazi hii iachiwe kompyuta: ipewe levo zote, ihesabu miondoko, iliyo fupi itangulie. Ndugu zetu wa sayansi wameshalijaribu jambo linalofanana na hili katika Sokoban, gemu la Kijapani la kusukuma masanduku lililotolewa mwaka 1982. Petr Jarušek na Radek Pelánek wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Jamhuri ya Cheki, walilichunguza swali hilo katika kazi yao ya mwaka 2010. Waliona kwamba urefu wa jibu peke yake hauelezi vizuri muda ambao binadamu hutumia kulipata. Mafumbo mawili yanaweza kufanana kwa vipimo vya mashine, lakini moja likatatuliwa upesi na jingine likawatoa watu jasho. Mashine inahesabu hatua za mguu. Kinachomchosha mtu ni hatua za akili.

Wengine watasema tupige kura. Kwa kweli wapenzi wa Chip's Challenge hupiga kura kuchagua levo za kuingia katika mkusanyo, na demokrasia hiyo naiunga mkono. Lakini tuwe waangalifu. Mpiga kura ni nani? Ni mkongwe. Mgeni hayupo kwenye kura kwa sababu bado hajafika, na wengine hawapo kwa sababu walishafukuzwa. Wastani wa hukumu za wakongwe hamsini ni hukumu ya mkongwe mmoja mkubwa. Anaweza kukwambia levo ipi ni nzuri, lakini ipi ni ngumu kwa asiyejua, hilo hawezi kukwambia.

Tena, neno "ngumu" lenyewe ni gunia lenye vitu vingi. Katika mikusanyo hii mimi naona ugumu wa aina nne. Kuna wa akili, yaani kugundua hila. Kuna wa vidole, yaani kukwepa wadudu kwa kasi. Kuna wa uvumilivu, pale kosa dogo mwishoni linapokurudisha mwanzo kabisa. Na kuna wa bahati, kwa mfano panapojaa viumbe vinavyotembea ovyo ovyo bila mpango. Mtu anayetaka kuzisimamisha levo 149 katika mstari mmoja anajaribu kupanga maembe, mbio na hesabu katika foleni moja. Haiwezekani bila kumdhulumu mtu.

Afanye nini basi? Naona njia tatu. Ya kwanza, asifikirie ngazi, afikirie mawimbi. Baada ya levo ya kukata pumzi, ije ya kupumzikia, kama fanani anayejua lini aimbishe hadhira katikati ya ngano. Ya pili, asiziweke levo mbili za ugumu wa aina moja bega kwa bega, ili mwenye vidole vizito asikutane na kuta tatu mfululizo. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, kila hila ionekane kwanza mahali pa wazi kabla haijafichwa. CCLP1 inastahili sifa hasa kwa hili la mwisho: kurasa zake za mwanzo zinafundisha kwa kucheza, bila kelele za darasani.

Hata hivyo, mpangilio mzuri kiasi gani, yupo atakayekwama. Gemu la mwaka 1992 lilikuwa na hekima moja ninayoipenda. Ukishindwa mara nyingi, kompyuta inakuuliza kama ungependa kuiruka levo hiyo uendelee mbele. Wapo wanaoona ni dharau. Mimi nilipoiona nilicheka, nikamkumbuka bibi. Katika kitendawili, mtegaji akishaona tumeshindwa, hatuachi gizani wala hatufukuzi barazani. Anasema, "Nipe mji." Tunampa mji, akiukataa tunampa mwingine, hatimaye anatoa jibu na mchezo unaendelea. Kushindwa kuna bei, lakini bei inalipika, na aliyelipa anabaki katika duara. Kumbe wazee wetu walishaliona tatizo hili zamani: fumbo linahitaji mlango wa kuingilia na pia mlango wa kutokea.

Pingamizi moja sitaki kulikwepa. Kuna wenzetu wanaosema sanaa ngumu haidaiwi kumbeba msomaji. Asiyeweza abaki nje. Wanatoa mfano wa Kezilahabi, kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazikuandikwa kwa ajili ya wavivu. Nakubali, hazikuandikwa kwa wavivu. Lakini kabla ya hizo alikwisha kuandika Rosa Mistika (1971) na nyingine kadhaa. Aliyemfuata kwa mpangilio huo anafika Nagona akiwa na funguo mfukoni. Aliyetupiwa Nagona juma la kwanza, bila chochote kilichotangulia, tunamwita mvivu ilhali hakuna aliyempa funguo. Mimi sidai kazi ngumu zirahisishwe. Levo ya 149 iwe na meno yake yote. Ninachodai ni kwamba ugumu wa levo hiyo usitumike kama kisingizio cha kuharibu levo ya kwanza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kati ya mikusanyo hii, CCLP3 inaweza kuwa na mafumbo yenye akili zaidi, na mkongwe atafurahi nayo mpaka usiku wa manane. Lakini kama kazi iliyotungwa ikatungika, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, mimi naiweka CCLP1 mbele, kwa sababu ndiyo iliyomkumbuka mtu ambaye hayumo chumbani. Upungufu wake ni wa mikusanyo yote: mstari mmoja kwa wachezaji wa kila namna.

Na yule mdogo wangu? Nimeichana ile karatasi. Nimemwekea CCLP1 katika kompyuta, nikamwambia aanze levo ya kwanza na mimi nikatoka chumbani. Mpaka naondoka kurudi chuoni alikuwa hajaniambia amefika wapi, nami sikumuuliza. Asubuhi moja tu nilikuta karatasi mezani kwa mwandiko wake, ina levo tano zilizopangwa, na mbele ya mojawapo ameandika: "Hii wameiweka mapema mno."

Mhakiki huyo nampisha. Wenzangu wenye mawazo tofauti nawakaribisha katika toleo lijalo.