Mzaha wa Kimya: Utungo Mmoja wa Haydn

Wako wanafunzi wanaodhani kuwa muziki wa kale wa Ulaya ni jambo la kununa: watu wameketi, nyuso zimekunjwa, wala hapana anayethubutu kucheka. Hata baadhi ya walimu huamini kwamba sanaa yenye uzito haina budi kuukimbia mzaha. Utungo mmoja watosha kuisahihisha dhana hiyo.

Mwaka 1781 Joseph Haydn alitunga tungo sita za wapigaji wanne: wawili wa fidla, mmoja wa viola na mmoja wa selo. Wa pili katika mkusanyo huo, ujulikanao kwa namba 33, umepewa jina la "Mzaha". Sehemu yake ya mwisho ina lahani nyepesi, ya haraka, irudiwayo kama kibwagizo hata msikilizaji akaizoea. Karibu na tamati, mwendo wa polepole waingia ghafla, kana kwamba jambo zito latangazwa. Kisha lahani ile yarudi, lakini imekatwa vipande vinne, na baina ya kipande na kipande pana kimya. Baada ya kile cha nne msikilizaji hudhani mambo yamekwisha, maana kimya cha sasa ni kirefu zaidi. Ndipo kipande cha kwanza kisikikapo tena, kwa sauti ya chini kabisa, na utungo hukoma papo hapo. Umemalizikia mwanzoni!

Je, kicheko hiki chatoka wapi? Chatoka katika desturi. Asiyejua jinsi lahani ipasavyo kufunga hawezi kunaswa. Kwa hiyo mzaha huu wamheshimu msikilizaji hata unapomtega, kama kitendawili kisivyokuwa na utamu kwa asiyekijua kitu kinachofumbwa.

Tukumbuke pia kuwa Haydn alikuwa mtumishi wa ukoo wa kikabaila wa Esterházy. Mkataba wake wa mwaka 1761 ulimtaka avae sare ya watumishi. Sidai kwamba alikusudia uasi. Lakini katika kimya kile, bwana na mtumwa huduwaa pamoja, na mwenye kujua mwisho ni mtunzi peke yake.

Basi mwalimu anapowasikilizisha wanafunzi utungo huu, asiwaonye mapema. Awaache wapige makofi kabla ya wakati, kisha awaulize: ni nani aliyewaambia kuwa umekwisha?