Chaji, Valensi, Hali au Namba? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kemia

Miongoni mwa dhana za kemia zinazowatatiza wafasiri na walimu, imo moja ambayo huitwa mara chaji, mara valensi, na mara hali ya uoksidishaji. Tofauti hiyo si ya ladha ya lugha tu, kwani kila jina humpeleka msomaji kwenye hesabu nyingine.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Tuchukulie kwamba elektroni zote za muungano wa atomu mbili zisizofanana ni mali ya ile yenye mvuto mkubwa zaidi. Namba inayoonyesha elektroni ngapi atomu imepoteza au imepata kwa hesabu hiyo ndiyo tunayoitafutia jina. Jumla ya namba hizo ni sufuri katika kampaundi, na katika ioni ni sawa na chaji yake.

Tuanze na jina chaji. Ioni ya dikromate ina atomu 2 za kromiamu na 7 za oksijeni, na chaji yake ni -2. Kila oksijeni ni -2, hivyo zote huleta -14. Ili jumla iwe -2, kromiamu hazina budi kuleta +12, yaani kila moja +6. Mwalimu anayeziita namba zote mbili chaji atamfundisha mwanafunzi kwamba chaji ni -2 na papo hapo ni +6.

Valensi nayo haifai. Valensi ya kaboni ni 4 katika methani, katika fomaldehaidi na katika kaboni dayoksaidi. Lakini namba tunayoizungumzia ni -4 katika ya kwanza, 0 katika ya pili na +4 katika ya tatu.

Ama neno hali, limekwisha kupewa kazi: twasema hali ya yabisi, ya kioevu na ya gesi. Isitoshe, hudokeza kitu kinachoonekana, ilhali hapa pana hesabu iliyokubaliwa na wataalamu.

Huenda mtumishi wa ofisi akauliza yamhusu nini. Katika utaratibu wa Alfred Stock wa mwaka 1919, namba hii huandikwa kwa tarakimu za Kirumi ndani ya jina la kampaundi. Kromiamu(III) oksaidi ni rangi ya kijani itumiwayo katika vyombo vya kauri. Kampaundi za kromiamu(VI), potasiamu dikromate ikiwa mojawapo, husababisha saratani. Mfasiri wa lebo anayeyaona mabano hayo kuwa pambo na kuyaacha, amemnyima mtunza ghala onyo lenyewe.

Kwa maoni yetu, namba ya uoksidishaji ndilo jina linalofaa. Wapo watakaosema kwamba laweza kudhaniwa kuwa kipimo cha nguvu ya kuoksidisha vitu vingine. Hoja hiyo ina uzito, lakini fasili ya mstari mmoja huiondoa. Makosa ya majina yale mengine hayaondolewi na fasili yoyote. Basi chaji ibaki kwa ioni, valensi kwa miungano, hali kwa maada, na kila dhana ipate jina lake.